Rangi Haimo Kwenye Damu. Basi Inaingiaje Mwilini?

Mwaka 1997 madaktari wawili wa Chicago, Richard David na James Collins, walichapisha hesabu iliyowaacha wenzao wakikuna vichwa. Walikuwa wamepitia vyeti vya watoto waliozaliwa jimbo la Illinois kati ya 1980 na 1995, wakawapanga akina mama katika makundi matatu: Wazungu waliozaliwa Marekani, weusi waliozaliwa Marekani, na weusi waliozaliwa Afrika kusini mwa Sahara kisha wakahamia Marekani. Halafu wakauliza swali moja tu: mtoto alipowekwa kwenye mizani, ilisoma ngapi?

Watoto wa Wazungu walikuwa na wastani wa gramu 3,446. Watoto wa weusi wazaliwa wa Marekani, gramu 3,089. Hapo hapakuwa na jipya; tofauti hiyo ilijulikana zamani, na wengi waliielezea kwa kusema ndivyo walivyoumbwa. Sasa, kama ni maumbile, watoto wa akina mama waliotoka Afrika moja kwa moja walipaswa kuwa wepesi kuliko wote. Wamarekani weusi wengi wana mababu Wazungu ndani ya ukoo wao. Hawa wageni hawana. Mizani ikasoma 3,333. Walikuwa jirani zaidi na Wazungu kuliko na weusi wenzao.

Gramu mia mbili na ushee si kitu ukizishika mkononi. Lakini huo ni wastani wa maelfu ya watoto, na wastani ukishuka kiasi hicho, wanaoangukia chini ya gramu 2,500 wanaongezeka, na huko chini ndiko vifo vya wachanga vilikojazana.

Kuna pingamizi la haki hapa. Anayevuka bahari kwenda kuishi nchi nyingine mara nyingi ni mtu mwenye elimu na afya yake; labda wale wageni walikuwa wateule tangu kwao. David na Collins walilijua hilo, wakalinganisha wanawake wa umri na elimu zinazokaribiana, na pengo halikuzibika. Kisha mwaka 2002, wakiwa na wenzao, wakaenda hatua moja mbele, nayo kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Waliwafuata mabinti wa wahamiaji, waliozaliwa na kukulia Marekani, hadi nao wakazaa. Katika familia zilizotoka Ulaya, wajukuu walizaliwa wazito kuliko walivyozaliwa mama zao. Katika familia nyeusi zilizotoka Afrika na Karibi, wajukuu walizaliwa wepesi zaidi.

Kizazi kimoja tu. Jeni haziendi mbio hivyo.

Kwanza tuiondoe damu

Neno “weusi” lenyewe ndilo lenye fundo. Ripoti ya afya ikisema watu weusi wana hatari kubwa ya ugonjwa fulani, msomaji anasikia habari ya miili yao, wakati mara nyingi ni habari ya mahali walipowekwa.

Watu wawili wowote duniani wanafanana kwa takribani asilimia 99.9 ya DNA yao. Ile chembe inayobaki, mwanajenetiki Richard Lewontin aliipigia hesabu mwaka 1972, akakuta kwamba karibu asilimia 85 ya tofauti zote za kijeni zinapatikana ndani ya jamii moja, baina ya majirani. Zinazotenganisha yale makundi makubwa tunayoyaita mbari zilikuwa kama asilimia 6.

Hii haina maana kwamba mtu alikotoka hakuna kazi kwenye ugonjwa. Chukua siko seli, ambayo kwa muda mrefu Marekani iliitwa ugonjwa wa weusi. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari wa Kiingereza aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu anapata kinga dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana jeni ikasambaa kulikokuwa na mbu: Afrika Magharibi na ya Kati, lakini pia Ugiriki, Uarabuni na India. Kwa Waxhosa wa kusini kabisa mwa Afrika ni adimu. Kwa hiyo Mgiriki anaweza kuwa nayo na Mxhosa asiwe nayo, na ukitumia rangi ya ngozi kuitafuta, wote wawili utawakosea. Ramani ya jeni hiyo imechorwa na malaria.

Presha inasimulia hadithi hiyo hiyo kutoka upande wa pili. Mtafiti Richard Cooper na wenzake walipima shinikizo la damu kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi katika nchi mbalimbali, wakatoa matokeo mwaka 1997. Afrika Magharibi kwenyewe, waliokuwa na presha walikuwa kama 16 katika kila 100. Visiwani Karibi, 26. Karibu na Chicago, 33. Ukoo ni mmoja, namba zinapanda kadiri unavyofuata njia ya meli za watumwa. Mwaka 2005 walipoongeza Wazungu kwenye ulinganisho, Wajerumani walivuka asilimia 50 na Wanigeria wakabaki karibu na 14. Mjerumani hajawahi kuambiwa kwamba mbari yake ina tatizo la presha.

Ubishi huu, kwa kweli, ni wa kale. Mwaka 1896 Frederick Hoffman, mtakwimu wa kampuni ya bima ya Prudential, alizitumia takwimu za vifo kudai kwamba Wamarekani weusi ni dhaifu kwa asili na wako njiani kutoweka. Wakati huo huo W. E. B. Du Bois, msomi mweusi wa elimu ya jamii, alikuwa akizunguka nyumba kwa nyumba katika Wadi ya Saba ya Philadelphia, akihesabu vyumba, mishahara na vyoo. Alichokichapisha mwaka 1899 ni kwamba vifo vile vina maelezo, na maelezo yenyewe yako kwenye nyumba, maji na kazi. Hoffman alikuwa na jedwali; Du Bois aligonga milango.

Basi si umaskini tu?

Hili ndilo jibu la pili linalokuja haraka, na linavutia kwa sababu nusu yake ni kweli. Ukiwa huna hela unakula vibaya, unakaa pabaya, unachelewa kwenda hospitali. Na Marekani, kwa historia yake, weusi wengi zaidi wako upande wa kukosa. Basi lipa mishahara mizuri, somesha watu, pengo litajifunga lenyewe.

Halijifungi lenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1992 uliwachukua watoto ambao baba na mama wote wana shahada ya chuo kikuu. Kwa Wazungu, watoto 5.4 katika kila 1,000 walikufa kabla ya kutimiza mwaka. Kwa weusi, 10.2. Wazazi wasomi kwa wasomi, na bado ni karibu mara mbili. Na takriban pengo lote lilitokana na watoto kuzaliwa na uzito pungufu. Waliozaliwa na uzito wa kawaida walinusurika sawasawa. Tumerudi kwenye mizani ya Illinois.

Kuna kitu kingine zaidi ya mfuko, na aliyekiona waziwazi hakuwa akitafuta rangi hata kidogo. London, kuanzia 1967, zaidi ya wanaume 17,000 watumishi wa serikali walianza kufuatiliwa katika utafiti uliokuja kuitwa Whitehall, na ambao daktari Michael Marmot ndiye aliyeufanya ujulikane. Hawa karibu wote walikuwa Wazungu, wa mji mmoja, mwajiri mmoja, wenye huduma ya afya ya taifa isiyolipiwa mlangoni. Hakuna aliyelala njaa. Ungetarajia bosi na tarishi wafe kwa viwango vinavyokaribiana. Tarishi na wenzake wa daraja la chini kabisa walikufa mara tatu ya wale wa juu. Na haikuwa kwamba chini kuna shida na juu kuna raha: kila ngazi ilikuwa na vifo vingi kuliko ngazi iliyo juu yake, hadi kule kwa wenye ofisi zenye zulia. Sigara, presha na mafuta mwilini vilieleza sehemu tu ya tofauti, wala haikufika nusu.

Kwa hiyo cheo kinaua, hata kwa mtu aliyeshiba. Aliye chini huamriwa, haamui. Kazi inamlemea na hana uwezo wa kuipanga. Sasa fikiria jamii ambamo cheo kimechorwa usoni, hakivuliwi mtu anapotoka ofisini, na shahada haikifuti.

Msongo si wa mawazo peke yake

Kiswahili kimetupa neno zuri, msongo, kisha tukaliharibu kwa kulifunga kwenye "mawazo", kana kwamba ni jambo la kichwani ambalo mtu mwenye moyo mgumu angelipuuza. Kusonga ni kubana. Na kinachobanwa ni mishipa.

Ukishtuka, ubongo unatuma amri, tezi zilizo juu ya figo zinamwaga homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo unaenda mbio, sukari inapanda kwenye damu ili misuli ipate nguvu, kinga ya mwili inajipanga upya. Kwa kukimbia mbwa, mpango huu hauna mfano. Mbwa akipita, kila kitu kinarudi mahali pake. Shida inaanza pale mbwa asipopita: mtu akiingia dukani anafuatwa na mlinzi, akipiga simu ya kupanga nyumba anaambiwa imeshachukuliwa, akisimamishwa na polisi anapima kila neno kabla ya kulitoa. Hakuna hata moja kati ya hayo litakalomlaza kitandani. Lakini mwili unakaa kwenye tahadhari, presha haishuki vizuri hata usiku, sukari inazoea kukaa juu, mishipa inakakamaa. Bruce McEwen, aliyechunguza homoni hizi kwa miaka mingi, aliuhesabu msongo huo kama mzigo unaojilimbikiza, unaoweza kupimwa kwa kujumlisha vipimo vya kawaida vya maabara.

Wasiobeba mzigo huo huona unasimuliwa kwa chumvi. Wahenga walishawaona: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Arline Geronimus, mtafiti wa afya ya jamii, aliuona mzigo huo kwa njia ya ajabu kidogo. Mwaka 1992 alieleza kwamba kwa Wazungu wa Marekani, watoto wa akina mama wa miaka ya ishirini huwa salama kuliko wa wasichana wadogo, kama kila mkunga anavyotarajia. Kwa weusi mstari ulielekea upande mwingine: kadiri mama alivyotoka kwenye ujana na kuingia miaka ya ishirini, hatari kwa mtoto iliongezeka. Hoja yake ni kwamba miili ilikuwa inachakaa mapema, kama bati linalokaa kwenye chumvi ya bahari. Mwaka 2006 yeye na wenzake wakapima: katika ule mzigo wa McEwen, wanawake weusi wasio maskini walikuwa na alama mbaya kuliko wanawake wa Kizungu walio maskini.

Sidai kwamba msongo ndio ufunguo wa kila mlango. Ni rahisi kuugeuza kuwa jibu la kila kitu, kisha watu wakapewa mafunzo ya kupumua taratibu na mwenye nyumba akaachwa alivyo. Tunahitaji kuangalia nyumba yenyewe.

Ramani nyekundu

Kati ya 1935 na 1940, taasisi ya serikali kuu ya Marekani iliyoundwa kuokoa mikopo ya nyumba ilichora ramani za miji zaidi ya 200. Kila mtaa ulipakwa rangi: kijani kwa bora kabisa, bluu, njano, na nyekundu kwa "hatari". Waliokuwa wakijaza fomu za tathmini waliandika kama kuna weusi, na mtaa wenye weusi karibu kila mara uliishia kwenye wekundu. Ramani hizo hazikuanzisha ubaguzi. Benki na mawakala walikuwa wakiufanya siku nyingi. Zilichofanya ni kuupigia muhuri. Mkopo ukakwepa mtaa mwekundu, nyumba zikachoka, na baada ya vita, barabara kuu na viwanda vilipotafuta pa kupita, vilipita kwenye ardhi ya bei ya chini.

Mwaka 2020 watafiti walilinganisha ramani hizo kuukuu na picha za joto kutoka kwenye setilaiti, katika miji 108. Katika asilimia 94 ya miji hiyo, mitaa iliyopakwa nyekundu ilikuwa na joto zaidi kuliko mingine; kwa wastani wa nchi nzima, nyuzi 2.6 za Selsiasi. Lami nyingi, miti michache. Ukiitazama ramani ya miaka ya 1930 na ile ya joto pamoja, unaweza kufuata mpaka kwa kidole. Bibi mwenye moyo dhaifu anayelala leo kwenye chumba kisichopoa usiku anatibiwa na daktari anayeona jina lake, umri wake na mbari yake kwenye faili. Aliyechora ile ramani haonekani popote kwenye faili.

Je, ukimhamisha mtu, mwili unajua? Marekani ilijaribu, na kwa bahati ilijaribu kwa bahati nasibu, jambo linalofanya jibu liaminike. Kuanzia 1994, familia 4,600 hivi za mitaa maskini sana ya Boston, Baltimore, Chicago, Los Angeles na New York, nyingi zikiongozwa na wanawake weusi au wenye asili ya Amerika ya Kilatini, ziliingizwa kwenye kura. Baadhi walipewa hati ya kupanga nyumba kwenye mtaa wenye umaskini mdogo, wengine hawakupewa. Miaka 10 hadi 15 baadaye wanawake walipimwa. Walioshinda hati walikuwa na kisukari kidogo na unene wa kupindukia kidogo, tofauti ya kama pointi 4 za asilimia kwa kila kimoja. Kipato chao hakikuwa kimepanda. Lakini walipoulizwa jinsi wanavyoridhika na maisha, kupungua kwa umaskini wa mtaa kwa pointi 13 kulileta nafuu inayolingana na tofauti ya kipato cha dola 13,000 kwa mwaka. Hawakupewa dola hizo. Walipewa mtaa ambao mtoto akichelewa kurudi mama hasimami dirishani.

Sheria nayo inaweza kufanya kazi ya mtaa. Mwaka 1966 serikali ilianza kulipia matibabu ya wazee, na hospitali iliyotaka fedha hizo ilibidi iache kuwatenga wagonjwa kwa rangi. Hospitali kama 1,000 zilifungua milango ndani ya miezi. Mississippi, vifo vya watoto weusi vitokanavyo na kuharisha na nimonia vilianguka kwa kasi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Aliyekuwa akisema wale watoto wana mapafu dhaifu ya kurithi alipaswa kueleza mapafu yamerithi nini kipya.

Kosa likiwa ndani ya kipimo

Mpaka hapa nimezungumzia yanayotokea kabla mtu hajafika hospitali. Kuna yanayomngojea ndani.

Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kusoma oksijeni hupitisha mwanga kwenye ngozi. Melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake, nayo hunyonya mwanga. Desemba 2020, katikati ya janga la korona, watafiti wa Michigan walionyesha kwamba kifaa kilipodai oksijeni iko asilimia 92 hadi 96, damu yenyewe ilipopimwa ilionyesha upungufu mkubwa kwa asilimia 3.6 ya wagonjwa Wazungu na asilimia 11.7 ya wagonjwa weusi. Hapo hakuna muuguzi mbaya. Anasoma namba iliyo mbele yake, na namba inasema mgonjwa yuko salama.

Hesabu ya figo ilikuwa na kasoro ya aina nyingine, maana ile iliandikwa kwa makusudi. Maabara hupima kreatinini, taka inayotokana na misuli, kisha fomula inakadiria figo zinachuja kiasi gani. Fomula ya 1999 na ile iliyofuata mwaka 2009 zilikuwa na mstari unaosema: kama mgonjwa ni mweusi, zidisha. Ya kwanza, katika toleo lililoenea, iliongeza asilimia 21, ya pili 16. Sababu iliyotolewa ni kwamba weusi wana misuli mingi. Hakuna aliyepima misuli ya mgonjwa. Kisanduku cha rangi kilitosha.

Ukitaka kuona kisanduku hicho kinavyofanya kazi, wakalishe wanaume wawili wa umri mmoja wenye kreatinini ileile. Fomula ya 2009 inampa Mzungu uchujaji wa mililita 20 kwa dakika. Inampa mweusi 23. Na kule Marekani, anayesubiri figo ya kupandikizwa huanza kuhesabiwa muda akifika 20 au chini, au akianza kuchujwa damu kwa mashine. Wa kwanza anaingia foleni leo. Wa pili anaambiwa, ndugu, figo zako bado zina nguvu, rudi baada ya miezi kadhaa. Anatoka akishukuru.

Mwaka 2021 kikosi cha wataalamu wa figo kilipendekeza fomula isiyo na mstari huo, na maabara zikaanza kubadilisha. Kuanzia Januari 2023 hospitali zote za upandikizaji ziliagizwa kurudi kwenye mafaili ya wagonjwa weusi, kutafuta siku ambayo kila mmoja angefika 20 kama asingezidishiwa, na kumrudishia muda wake kwenye foleni. Maelfu ya watu walirudishiwa, wengine miaka kadhaa kwa mkupuo. Kreatinini yao ilikuwa ileile iliyoandikwa kwenye faili siku zote.